Aliyekuwa Mlangoni

Keki kumi na saba zilibaki dukani siku ile ya sikukuu, na hakuna aliyepiga simu kuulizia yake. Zilikaa kwenye rafu ya kioo, kila moja na jina la mwenyewe juu, maua ya sukari yakianza kulegea kwa joto. Miaka mingine, saa kama hizo foleni ingekuwa imeshafika duka la vitasa la jirani. Mwaka huu waliingia wateja sita tu, na wote sita, kabla hata ya kusalimia, walifungua mikoba yao na kumwonyesha msichana wa dukani, Kidoti, kilichomo.

"Mama, hapa tunauza keki," Kidoti alimwambia mmoja wao. "Hatukagui watu."

"Nimezoea, mwanangu," yule mama alijibu. Akafunga zipu, akachukua boksi lake na kutoka mbio mbio kama ameliiba.

Kidoti ndivyo alivyoitwa tangu utoto, kwa sababu ya alama nyeusi chini ya jicho lake la kushoto. Alikuwa fundi wa kupamba keki, na mkono wake ulisifika kwa kutulia. Lakini zilikuwa zimepita wiki tano tangu bomu la jengo la maduka, na lile la pili la stendi ya mabasi siku tatu baadaye, na tangu hapo hata kuandika jina moja kwa krimu ilibidi aushike mkono wa kulia kwa wa kushoto.

Bosi wake, mwanamke mnene waliyemwita Mama Tanuri, alichungulia barabarani kwa mara ya kumi asubuhi hiyo. Maduka ya ng'ambo yamefungwa. Hakuna muziki, hakuna watoto wenye nguo mpya.

"Tufunge," alisema. "Sitaki mtu afe kwa ajili ya keki. Chukua moja upeleke nyumbani."

"Ya nani?"

"Ya yeyote. Futa jina."

Kidoti akachukua kisu, akakwangua jina la mtu asiyemjua, akasawazisha krimu. Kovu halikufutika vizuri, lakini nani angejali.

Alipotoka na boksi mikononi, alimwona Ngongoti ameegemea ukuta wa ng'ambo. Walinzi wenzake ndio waliompa jina hilo, kwa urefu wake. Walikuwa wakimtania kwamba mwizi akiingia, yeye humwona akiwa bado kwao anavaa viatu. Sasa alikuwa amekonda. Shati jeupe la mikono mirefu alilifunga vifungo mpaka shingoni, na Kidoti alijua anaficha nini. Moyo wake ulimruka, kisha akauchukia kwa kuruka.

"Umefuata nini?"

"Hata salamu hamna?"

"Salamu kaombe kwa wengine. Nimekuuliza umefuata nini."

"Nakuja kwenu leo saa nane."

"Usije."

"Sijaja kuomba ruhusa. Nimekuja kukwambia mapema, usishtuke ukiniona."

Alisema kwa upole ule ule wa siku zote, na upole huo ndio uliomtia Kidoti hasira zaidi. Alimtazama macho, kisha mdomo, kisha akatazama boksi la keki.

"Kaka atakuua."

"Na anipige. Si atakuwa amenitazama? Nimemwandikia mara tatu, hajibu. Kwa wifi yako nimekula mara ngapi? Alipozikwa nilikuwa kitandani na mipira puani. Siwezi kuwa napita barabara ya pili kama mtu asiyejua kwao."

Kidoti akashusha sauti. "Utasema?"

"Kusema nini?"

"Unajua."

Ngongoti akamsogelea. Alinyoosha mkono kama anayetaka kumpangusa krimu iliyomganda shavuni, akaurudisha.

"Sitasema," alijibu, akaondoka.

Walichokuwa wakikizungumzia kilikuwa hiki. Siku ya bomu la kwanza, jioni, Kidoti alimpigia simu Ngongoti akiwa zamu kwenye mlango wa jengo la maduka. Walinzi wa mlangoni walikatazwa simu, na Kidoti alilijua hilo. Alipiga mara ya kwanza, hakupokea. Mara ya pili, hakupokea. Akamwandikia: usipopokea nitajua hunitaki. Akapiga tena. Ngongoti akaigeukia nguzo, akainamisha kichwa, akapokea. Kidoti alitaka kujua jambo moja tu, kama mjomba wa Ngongoti atakuja kwao siku ya sikukuu kutaja tarehe ya ndoa, au yeye ataendelea kuambiwa mwezi ujao, mwezi ujao. Wakagombana dakika moja na nusu. Nyuma ya mgongo wa Ngongoti akapita mwanamume aliyevaa ovaroli la fundi, akisukuma kitoroli cha maboksi.

Wapelelezi walimfuata Kidoti kazini, wakamhoji nusu saa, wakaandika, wakaenda zao. Nyumbani hakusema kitu. Alimwosha wifi yake pamoja na wanawake wengine na hakusema kitu.

*

Saa nane kasoro dakika chache, sebuleni kwao mapazia yalikuwa yamefungwa na taa imewashwa, mchana kweupe. Kochi lilisogezwa mbali na dirisha. Shangazi alikuja peke yake, kwa mara ya kwanza tangu aolewe.

"Mimi na baba wa nyumbani tumegawana," alieleza, akijipepea na kitambaa. "Yeye kabaki, mimi nimekuja. Mmoja akiondoka, mwingine abaki na funguo."

Hakuna aliyecheka, naye hakutarajia.

Mama aliweka sahani tano mezani, akahesabu watu, akairudisha moja kabatini bila kusema. Kaka alikuwa kwenye kiti kinachotazama mlango. Siku ya bomu mke wake alikuwa mbele yake hatua kumi, ameingia kwenye duka la viatu. Yeye alikuwa ameinama kufunga kamba ya kiatu. Kwa hiyo yeye alibaki na mke akaenda. Sikio lake la kulia halikusikia tena, na la kushoto lilisikia nusu nusu, hivyo watu wa nyumbani walikuwa wamejifunza kumzunguka wanapotaka kusema naye.

Mlango ukagongwa. Wote wakageukia mlango, hata Kaka, ambaye aliona nyuso za wenzake.

"Nani?" Mama aliuliza bila kuinuka.

"Ni mimi, Mama."

Mama aliijua sauti. Akamtazama binti yake kwa jicho ambalo Kidoti hakuwahi kutazamwa nalo. "Wewe ndiye uliyemwita?"

"Hapana, Mama. Nilimkataza."

"Nani huyo?" Kaka aliuliza. Shangazi akamzunguka, akamwambia. Kaka akasema taratibu, "Mfungulieni."

"Mwanangu, leo sikukuu..."

"Mfungulie, Mama. Yeye si hodari wa kupitisha watu? Na sisi tumpitishe."

Ngongoti aliingia akiinamisha kichwa kukwepa fremu. "Shikamoo, Mama," alisema. Mama aliangalia viatu vyake. "Shikamoo, Shangazi."

"Simama hapo hapo," Shangazi alisema.

"Shemeji, nimekuja..."

"Usiniite shemeji," Kaka alisema, akainuka. "Inua mikono."

"Kaka, tafadhali," Kidoti alisema, lakini alikuwa upande wa sikio bovu.

Ngongoti akainua mikono. Vidole vyake vilikaribia dari. Kaka akaanza kumkagua. Alimpapasa kwapani, kiunoni, akageuza mifuko ya suruali nje mmoja baada ya mwingine, akatoa kitambaa, funguo, kadi ya hospitali, akaviweka mezani kando ya ile keki iliyokwanguliwa. Alimwinamia miguuni akapapasa soksi. Akamfungua vifungo vya shingo, na kovu la moto likaonekana, jekundu, limeshuka mpaka kifuani. Mama akageuza uso. Kidoti hakuweza kugeuza wake. Kifua kile alikijua kabla ya moto.

"Nimetumia muda gani?" Kaka aliuliza. "Dakika moja? Wala haifiki. Umeona kazi yenyewe ilivyo nyepesi?"

"Nimeona," Ngongoti alisema.

"Sema kwa nguvu. Mimi kiziwi."

"Nimeona."

Hapo hapo ghorofa ya juu kikaanguka kitu kizito, sufuria au kiti, kwa kishindo. Shangazi alijitupa chini na kitambaa chake. Kidoti alijikuta chini ya meza hajui amefikaje. Mama alikumbatia mto wa kochi. Kisha wakasikia jirani wa juu akimgombeza mtu kwa kuangusha vyombo, na pumzi zao zikarudi moja moja.

Ngongoti alikuwa amesimama na mgongo wake umebanwa kwenye mlango, mikono ameitandaza pande zote mbili, uso hauna rangi.

Shangazi aliinuka akijipangusa magoti. "Leo ndiyo umeukumbuka mlango," alisema.

Ngongoti akashusha mikono. Kwa muda alionekana kama anayetaka kuondoka, lakini akarudi palepale katikati ya sebule.

"Sikuja kujitetea," alimwambia Kaka, akipaza sauti. "Nimekuja kukupa pole kwa mdomo wangu. Mke wako alinipa chakula kwenye nyumba hii akaniita mdogo wake. Nilikuwa mlangoni, na mtu yule alipita. Kama unataka nije kila siku unikague, nitakuja."

"Wamenionyesha picha za kamera," Kaka alisema. "Ulijua hilo? Wameniweka kwenye kiti, wakanionyesha. Umegeuka. Simu iko sikioni."

"Ndiyo."

"Ulikuwa unaongea na nani?"

"Kosa la kupokea ni langu."

"Sijauliza kosa la nani. Nimewauliza wapelelezi, wakaniambia haihusiani na kesi. Kwangu inahusiana. Ninalala nikiwaza ni nani alikuwa na neno kubwa kiasi hicho. Nani?"

"Mtu wangu tu."

"Mtu wako nani? Mama yako alikuwa mgonjwa? Sema alikuwa mgonjwa, labda nitakuelewa."

Ngongoti hakumtazama Kidoti. Alijitahidi sana kutomtazama, na Shangazi, ambaye maisha yake yote alikuwa bingwa wa kusoma watu wasivyotazamana, akaacha kujipepea.

"Alikuwa mwanamke," Shangazi alisema polepole. "Huyu ana mwanamke mwingine, ndiyo maana anaona haya kusema mbele ya binti yetu. Si ndivyo? Sema basi, tumalize. Binti ajue alikuwa anamlilia nani."

Ulikuwa mlango wa kutokea. Ngongoti aliuona, na Kidoti akaona kwamba ameuona. Alimwona anavuta pumzi, na akajua kabla hajafungua mdomo kwamba atakubali. Angesema ndiyo, nilikuwa na mwingine, na nyumba nzima ingemlaani na kumkumbatia yeye Kidoti, na hakuna ambaye angeuliza tena.

"Ndiyo, Shangazi," Ngongoti alisema. "Alikuwa..."

"Ni mimi," Kidoti alisema.

Mto ukamponyoka Mama. 

"Mimi ndiye niliyempigia. Mara tatu. Alikuwa hataki kupokea, nikamlazimisha."

Kaka aliwaangalia wote kwa zamu. "Amesema nini?"

Akamgeukia mama yake.

"Mama, amesema nini huyu?"

"Hajasema kitu," Mama alijibu haraka, akamzunguka mwanawe upande wa kushoto na kumshika bega. "Analia tu. Anamlilia wifi yake. Kaa, mwanangu, chakula kinapoa." Huku macho yake yakimwambia Kidoti, nyamaza. Nyamaza, nimewazaa nyote wawili.

Kidoti angeweza kunyamaza. Alikuwa amenyamaza wiki tano na alishajua jinsi inavyofanywa. Lakini Ngongoti alikuwa amesimama na mifuko yake ikining'inia nje kama masikio ya mbwa, na shati limefunguliwa, na alikuwa tayari kuitwa mzinzi. Kidoti alizunguka kochi. Alimwondoa Mama kwa upole. Akapiga magoti kushoto kwa kaka yake, karibu kabisa, akanusa sabuni ambayo wifi alikuwa akimnunulia.

"Ni mimi, Kaka. Aliyekuwa kwenye simu ni mimi."

Kaka hakusogea. "Kulikuwa na nini?"

"Nilikuwa nauliza tarehe."

"Tarehe ya nini?"

"Ya ndoa. Nilitaka mjomba wake aje leo."

"Leo," Kaka alirudia. Alitazama meza, sahani nne, keki, funguo za mtu mwingine. "Ulimwosha wewe. Nilikuona unamwosha. Ulinishika mkono makaburini ukaniambia tumwachie Mungu."

"Ndiyo."

"Na ulikuwa unajua."

"Ndiyo, Kaka."

Alidhani atapigwa, na aliutaka mkono huo. Lakini Kaka alimtazama tu, kwa makini, kama mtu anayejaribu kukumbuka amemwona wapi.

"Tokeni," alisema. "Wote wawili. Nikifumbua macho nisiwaone."

Akafumba macho.

*

Barabara ilikuwa tupu. Kwenye kona askari wawili walikuwa wamekaa juu ya magunia ya mchanga wakinywa soda, wakawakagua kwa macho na kuwaacha. Ngongoti alikuwa akirudisha mifuko yake ndani. Kidoti alitembea mpaka kwenye nguzo ya umeme mbele ya nyumba, akasimama. 

"Nani alikutuma?" Ngongoti aliuliza. Kwa mara ya kwanza upole ulikuwa umemtoka. "Nilikuwa nimeshalibeba. Limebaki neno moja tu nilimalize."

"Na mimi ningeishi vipi? Kila ukinikasirikia niogope mdomo wako?"

"Ningekutishia mimi?"

"Sijui. Watu hubadilika. Mimi mwenyewe nimebadilika, hukuniona ninavyokula na kaka yangu sahani moja." Alijifuta pua kwa kiganja. "Nijibu kitu. Usinidanganye kunipoza."

"Uliza."

"Kama nisingepiga, ungemzuia?"

Ngongoti aliangalia mikono yake. Alichukua muda, kwa sababu alikuwa mtu wa kweli hata pale ukweli ulipokuwa haumsaidii.

"Maboksi tulikuwa tunayafungua yote. Ningemwambia asimame, ningefungua la juu. Ndiyo kazi yenyewe."

"Halafu?"

"Halafu lingelipuka pale pale mlangoni. Wapelelezi wameniambia alikuwa na kitufe mkononi."

"Kwa hiyo wewe..."

"Mimi, na mwenzangu wa foleni ya wanawake, na waliokuwa karibu. Ndani wasingeguswa. Wifi yako asingeguswa." Akainua macho. "Ningekuwa nimekufa mimi, Kidoti."

Alisema bila kujihurumia, kama anayetaja zamu yake. Kidoti akamtazama. Aliiona shingo ndefu yenye kovu, koo linalopanda na kushuka, nyusi ambazo alizipitisha kidole mara ngapi gizani, na tumboni mwake likainuka jambo ambalo hakulitegemea na ambalo lilimtisha kuliko bomu. Ilikuwa furaha. Alifurahi kwamba yupo. Wifi yake alikuwa mchangani na yeye alifurahi.

Akarudi nyuma hatua moja.

"Unajuta?" Ngongoti aliuliza. "Kunipigia. Unajuta?"

"Nenda nyumbani."

"Nimekuuliza."

"Na mimi nimekwambia nenda."

Kwa sababu jibu lilikuwa hapana, na pazia la dirisha la sebuleni lilikuwa limesogea, na Kaka alikuwa amesimama nyuma ya kioo akiwatazama midomo.

Ngongoti alisubiri. Kisha akaonekana amelisoma jibu usoni mwake, maana uso wake ulilegea, na kwa nukta moja alikuwa mzuri kama zamani. Hakumgusa. Aliufunga ukosi wa shati, akapita mbele ya askari, ambao walimsimamisha na kumwamuru ainue mikono, wakamkagua, wakamwachia. Kidoti alimfuata kwa macho mpaka kona ikammeza.

Aligonga mlango. Hakuna aliyefungua. Akaketi kizingitini, akakaa hapo mpaka kivuli cha nguzo kikavuka barabara nzima. Majirani walichungulia na kurudi ndani. Hatimaye kitasa kikageuka, na Kaka akasimama juu yake.

"Ingia. Watu wanatazama."

Kidoti akainuka. "Kaka, mimi..."

"Utalala humu kwa ajili ya Mama. Kwangu huna neno, na mimi kwako sina. Na yule..." Kaka akatazama barabara aliyoondokea Ngongoti. "Nimekuona ulivyomtazama. Mimi nilikuwa na mtu wa kumtazama hivyo."

Akamwachia mlango wazi, akaingia zake chumbani. Kidoti alipita ndani, akaufunga kwa funguo, mizunguko miwili, akaenda jikoni ambako Mama alikuwa akiosha sahani ambazo hakuna aliyezilia. Mama hakugeuka. Alimsogezea kitambaa cha kukaushia kwa kiwiko, na Kidoti akakichukua.